Mgeni Husindikizwa, Hata Mpaka Kwenye Treni

Kwetu Shella, mtaa wa kale wa Malindi, mgeni haagwi mlangoni. Akiondoka, mwenyeji naye huvaa viatu. Humchukulia mzigo, akatoka naye kichochoroni mpaka barabara kuu, na mara nyingi mpaka kwenye basi lenyewe. Hungoja hapo mpaka gari liondoke, ndipo akarudi kwake. Huko ndiko kusindikiza. Marehemu baba yangu alikuwa akisema kwamba mtu aliyekupa wali kisha asikuonyeshe njia hakukukirimu, amekushibisha tu.

Nayasema haya, ndugu msomaji, kwa sababu nina aibu yangu ya kuieleza. Na baada ya aibu hiyo nina neno juu ya bandari yetu ya Mombasa, juu ya treni yetu, na juu ya ile njia iliyo baina ya viwili hivyo.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameolewa Ujerumani. Mwaka 2019 alikuja kututazama akifuatana na mama mkwe wake, bibi aliyekwisha kupita miaka sabini, mkaazi wa Rostock. Bibi huyo hakuwa mpenzi wa ndege. Walikuja kwa meli ya watalii iliyopitia Shelisheli na Bukini, ikatua Unguja, na kwao wao safari ikaishia Kilindini. Shauri lao lilikuwa kushuka Mombasa asubuhi, kupanda treni ya saa tisa alasiri kwenda Nairobi kumwona kaka wa mpwa wangu, kisha warudi kwetu Malindi wapumzike. Bibi alikuwa na haja moja tu, na alikuwa ameisema tangu kwao: kuwaona ndovu wa Tsavo kwa dirisha la treni.

Kabla hawajafika mpwa wangu aliniuliza kwa simu, "Mjomba, kutoka melini mpaka kwenye treni ni mbali?"

Nami nikamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye, "Ah, mwanangu, ni hapo hapo. Bandari na stesheni ni majirani."

Sikusema uongo kwa kusudi. Katika ujana wangu, miaka ya 1980, nilipanda treni mara nyingi katika ile stesheni ya zamani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Ilikuwa ikiondoka magharibi, ukalala ndani yake, ukaamka mbuga za Athi. Habari za treni mpya nilikuwa nazo, maana magazeti ndiyo kazi yangu. Lakini kujua kwa gazeti na kujua kwa miguu ni mambo mawili. Tiketi yao imeandikwa "Mombasa", na Mombasa niijuayo mimi ilikuwa na stesheni moja.

Siku ile niliwangoja kwenye lango la bandari tangu asubuhi. Mambo ya uhamiaji na forodha yalipokwisha ilikuwa yapata saa saba na nusu. Tukasalimiana, tukacheka, nikawapeleka kwa fahari kubwa mpaka Haile Selassie. Tukakuta kimya. Mlinzi akatoka, akaitazama mizigo, akanitazama na mimi, akasema kwa upole, "Mzee, abiria wa Nairobi hawapandi hapa tangu mwaka 2017. Nenda Miritini."

Basi tukapanda teksi. Aijuaye Mombasa anajua mengine yaliyobaki: Makupa, kisha Changamwe, na malori ya makontena yamepangana kama siafu. Tulipofika Miritini ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Na treni hii si kama ile ya zamani, uliyoweza kuirukia huku inaanza kwenda. Hapa mizigo hupangwa chini mbwa wainuse, kisha hupitishwa kwenye mashine, kisha huulizwa kitambulisho na tiketi. Msafiri hutakiwa afike mapema, nasi tulifika lango limekwisha kufungwa. Tuliisikia ikiondoka.

Kwa bahati tulipata nafasi katika treni ya usiku. Mpwa wangu alinieleza baadaye kwamba bibi alikataa kulala. Alikaa ameegemeza paji la uso kwenye kioo tangu Mariakani mpaka walipoipita Mtito Andei, na alichokiona ni giza na uso wake mwenyewe. Hakunilaumu hata kidogo, na kulaumiwa ningekuona afadhali. Miaka miwili baadaye alifariki kwao. Ndovu hakuwaona.

Nimeifikiri sana siku ile. Kosa lilikuwa langu, mwenyeji, na sitalitupa kwa mtu mwingine. Lakini kosa la mtu mmoja laweza kumfunulia jambo lililo kubwa kuliko yeye.

Tulipokuwa tukiingoja treni ya usiku, bibi alinisimulia habari za kwao kwa ukalimani wa mpwa wangu. Huko kuna kitongoji cha pwani kiitwacho Warnemünde, kwenye mdomo wa mto unaopita Rostock. Meli kubwa za watalii hufunga gati pale, na stesheni ya treni iko ubavuni mwa gati. Abiria hushuka melini, akatembea dakika chache huku akivuta mkoba wake, akapanda treni ya mji. Kwa muda wa dakika 20 hivi amefika stesheni kuu ya Rostock, na kutoka hapo njia za Berlin na Hamburg zimfungukie. Nikamwambia nchi yao imebarikiwa. Akacheka, akasema si kote. Hamburg kwenyewe, mji mkubwa wa bandari, liko gati la watalii liitwalo Steinwerder, ng'ambo ya mto, lisilokuwa na stesheni mlangoni, na mgeni asiyeelezwa mapema hubaki pale na mizigo yake kama tulivyobaki sisi. Basi nikafahamu kwamba tofauti haiko baina ya Ulaya na Afrika. Iko baina ya mahali palipofikiriwa hatua ya pili ya msafiri na mahali ilipoachwa.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Sisi watu wa mwambao tulilijua kabla ya wengi. Mwaka 1498, mwezi wa Aprili, Vasco da Gama alifika Malindi na merikebu zake zimechoka. Sultani wetu hakumpa maji na machungwa tu akamwambia kwaheri. Alimpa rubani aijuaye bahari. Jina la rubani huyo wanavyuoni wamelibishania, lakini kazi yake haina ubishi: kwa muda wa siku kama 26 aliwavusha wageni mpaka Calicut, Bara Hindi. Yaliyotokea baadaye kwa mikono ya Wareno twayajua, na sifa yangu hapa si ya mgeni. Ni ya mwenyeji, aliyefahamu kwamba safari ya mtu haiishii katika bandari yako.

Hata reli yenyewe ilizaliwa kwa fikira hiyo. Ilipoanza kujengwa mwaka 1896, vyuma na mataruma vilitoka melini na kuingia relini. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, treni ilimkabidhi abiria kwa meli ya ziwani, na meli ikamfikisha Entebbe. Meli, treni, meli: mkono kwa mkono. Na hapa mjini Mombasa wazee wetu waliziona toroli, vigari vyenye viti na chandarua, vilivyosukumwa na watu juu ya vyuma vyembamba barabarani, mpaka magari ya moto yalipoenea katika miaka ya 1920. Ilikuwa kazi ngumu kwa mwenye kusukuma, wala siitamani irudi, lakini mgeni hakuachwa akikodoa macho.

Unguja nako, mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na reli ya maili saba hivi kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, mpaka Bububu. Abiria wa meli kubwa zilizotia nanga kwa saa chache walishuka, wakaipanda, wakayaona mashamba, wakarejea melini kabla ya honi. Reli hiyo iliondolewa katika miaka ya 1920, lakini fikira yake ilikuwa nzima: saa za treni zilizitazama saa za meli.

Leo ndugu zetu wa Dar es Salaam wamefanya jambo la kusifiwa. Treni yao mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, inaondoka katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani na si mbali na gati la boti za Unguja. Mtu aliyeamka Unguja aweza kulala Dodoma bila kuitafuta treni yake nje ya mji.

Mombasa ilichagua njia nyingine. Stesheni mpya, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ilijengwa bara, Miritini, zaidi ya kilomita kumi kwa barabara kutoka magati ya Kilindini. Ni jengo zuri, limechorwa kwa mfano wa mawimbi ya bahari. Ila mwenye kutoka baharini kwenyewe ndiye hulipata kwa taabu.

Na hapa pana jambo lililonichoma zaidi. Treni za mizigo, zilizoanza kazi mwaka 2018, huingia bandarini. Kontena hushushwa melini na kupakiwa behewani humo humo, likapelekwa mpaka Nairobi. Hati zake humtangulia mwenye mali. Iko saa yake ya kushushwa, iko saa yake ya kuondoka, na yuko karani anayeulizwa likichelewa. Sanduku la chuma lisilo na roho lina msindikizaji. Bani-adamu mwenye roho, mwenye goti linalouma na mkoba wa dawa, huambiwa, "Toka nje ya lango utaona teksi."

Siku zile mtu angeweza kujitetea kwamba hapakuwa na njia. Siku hizi utetezi huo umepungua nguvu. Bandari ya Kilindini imetengenezewa jengo maalumu la kuwapokea abiria wa meli za watalii. Reli ile nyembamba ya zamani nayo imetengenezwa na kuungwa na Miritini, ili treni ndogo iwachukue watu baina ya stesheni kubwa na kisiwani. Nampongeza kila aliyetia mkono. Vyuma tunavyo. Kinachohitajiwa sasa ni ile tabia ya Shella ya kuvaa viatu na kutoka na mgeni.

Na tabia hiyo ina sura zake za kazi. Kwanza ni saa. Meli ya watalii haiji kama mvua ya ghafula. Siku yake hujulikana miezi mingi kabla. Treni nayo ina saa zake zilizochapwa. Mtu mmoja mwenye karatasi mbili mezani aweza kuona kwamba meli ya asubuhi inaweza kuikuta treni ya alasiri, akapanga treni ndogo au basi la kuziunganisha. Nairobi imetuonyesha mfano. Stesheni mpya ya huko, Syokimau, nayo iko nje ya mji, lakini treni ndogo humpokea abiria wa ile kubwa na kumpeleka katikati ya mji. Likiwezekana mwisho wa safari, liwezekane na mwanzo wake.

Pili ni tiketi. Kukata tiketi kwa simu ni raha kwa mwenye laini ya hapa na pesa ndani yake. Mgeni aliyeshuka melini leo hana. Pawe na mahali pa kuinunua pale pale anaposhukia, na penye maelezo ya lugha inayofahamika: stesheni iko wapi, ufike saa ngapi, uchukue hati gani. Na maelezo hayo yaanze kwa Kiswahili. Si haya kumkaribisha mgeni kwa lugha ya mwenye nyumba, kisha ukamfasiria.

Tatu ni watu. Mombasa haijakosa vijana wenye ndimi tatu na nne. Wapewe vazi la kuwatambulisha na ujira wa halali, kazi yao iwe kumchukua mtu kutoka ngazi ya meli mpaka mlango wa behewa. Na mahamali, madereva wa teksi na wa tuktuk wasiondolewe, kwani nao ni wenyeji na wana watoto wa kulisha. Wapangwe foleni, na nauli ya Miritini iandikwe ukutani ionekane. Nauli iliyoandikwa humlinda mgeni asiibiwe, na humlinda dereva asiitwe mwizi.

Nasikia mtu akisema: "Mwandishi, hawa ni matajiri. Wana mawakala wao na mabasi yenye baridi. Unawalilia wa nini, na sisi tuna dhiki zetu?"

Swali hilo ni la haki, nami nina jibu. Wahenga walinena, msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Fedha yake iko mfukoni lakini njia haijui, na asiyejua njia ni mhitaji saa ile. Chuoni, tulipokuwa watoto tukisoma kwa fimbo na uji, mwalimu alitufundisha kwamba katika wanane wanaostahiki zaka yumo ibni sabili, mwana wa njia. Nikamwuliza, "Hata akiwa tajiri kwao?" Akanijibu, "Kwao siko aliko."

Lakini jibu langu kubwa ni jingine. Njia ile si ya wageni peke yao. Wiki hii hii, kutoka Shella, yuko mama atakayepewa barua ya kwenda hospitali kuu ya Nairobi. Ataamka kabla ya alfajiri, apande matatu ya Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, ashushwe mjini na kikapu chake na mtoto mgongoni. Kisha naye ataanza kuuliza: treni iko wapi? Tiketi hukatwaje, na simu yangu ni hii ya vifungo? Lango hufungwa saa ngapi? Huyu hakushuka melini, lakini pengo analoangukia ni lile lile alilomwangukia bibi wa Rostock. Na yeye akichelewa hakosi ndovu. Akosa siku yake ya kuonwa na daktari, nayo huenda akaingojea tena miezi. Ukimtengenezea mtalii njia njema baina ya mji na Miritini, umemtengenezea na mama huyu. Ukiiacha, umewaacha wote wawili.

Ndiyo maana sipendi jambo hili liitwe la utalii, likawekwa katika daftari la fedha za kigeni, likasahauliwa meli zinapopungua. Ni jambo la utamaduni. Sisi watu wa pwani twajisifu kwa ukarimu. Tumeutia katika mabango, katika nyimbo na katika majina ya hoteli. Neno "karibu" tumelipaka kila ukuta. Na ukarimu uliokoma kwenye "karibu" ni nusu ya ukarimu. Nusu ya pili ni ile isiyoonekana kwenye picha: kubeba mzigo, kusimama juani, kungoja mpaka gari liondoke.

Mimi mwenyewe nimejifunza. Tangu siku ile, mtu wa kwetu akisafiri kwa treni humwuliza saa yake, nikafanya hesabu ya kurudi nyuma kutoka saa ya lango, nikafuatana naye mpaka Miritini, na siondoki mpaka nione mgongo wa treni. Jamaa zangu wananicheka. Wanasema mzee amekuwa karani wa reli asiye na mshahara. Na wacheke. Aliyekwisha kumpitisha mgeni wake Tsavo gizani hajali kuchekwa.

Namalizia kwa ubeti mmoja, niliouandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la Miritini:

Mgeni kumpokea, hiyo ni nusu ya kazi,
Pili kumsogezea, mizigo bila ajizi,
Njia kumwelekezea, hata awe ni mjuzi,
Akifika hukwombea, kheri kwa Mola Mwenyezi.